Mikono ya Tarishi

Tarehe 4 Februari

Stempu mwanangu,

Najua ukifungua bahasha utasema shikamoo hata kama hakuna wa kukusikia, kwa hiyo marahaba.

Mimi mzima. Nimeanza na hilo ili habari inayofuata usiisome kwa pupa. Nimeanguka na pikipiki. Mbuzi alinikatiza pale kona ya mashine ya kusaga, nikamkwepa, nikaenda kuikumbatia nguzo. Mbuzi hana hata mkwaruzo. Mimi goti limechubuka tu. Aliyeumia ni Mke Mwenza: usukani umepinda kushoto kama sikio la mbwa aliyekemewa. Marehemu mama yako, aliyempa pikipiki jina hilo, angecheka mpaka ashike ukuta. Siku zote alisema kati ya wake zangu wawili, huyu wa chuma ndiye ninayemfuta vumbi.

Fundi Kesho anataka kuunyoosha kwa moto. Nimekataa. Bomba likishapinda, hata ulinyooshe, linakumbuka. Halafu nikimpa kazi ya moto ataniambia kesho, na hiyo kesho ikifika gesi itakuwa imeisha. Nataka mwingine. Huko mjini kwenu kuna mtaa wa spea kuukuu. Nitafutie wa aina ile ile tuliyopewa posta: bapa, usiopanda, unaomlaza mtu mbele kidogo kama anayenong'onezana na taa. Bomba la milimita ishirini na mbili, ncha kwa ncha sentimita sabini. Usikubali wakuuzie wa pikipiki za siku hizi. Huyu ni bibi, havai kila anacholetewa.

Fundi, kama unavyomjua, hauiti usukani. Anauita "mikono". Nikamwambia, "Mikono ni hii yangu, huo ni usukani." Akanijibu, "Mzee, pikipiki bila mikono ni punda."

Simu yangu usiihangaikie, inaita inapotaka. Mtu aliyebeba barua za watu maisha yake yote naye ana haki ya kuandikiwa.

Baba yako,
Tarishi (mstaafu, ila si sana)


Tarehe 19 Februari

Baba,

Shikamoo. Nimeisema kwa sauti kama ulivyotabiri, na mwenzangu wa chumba akageuka kuangalia nani kaingia.

Usukani nimeupata. Utakuja kwa basi, umefungwa kwenye gunia. Muuzaji ni mama mmoja ambaye sauti yake inamtangulia mtaani. Kwenye kibanda chake sukani zimetundikwa juu kama pembe za ng'ombe. Akaniuliza, "Wa nani?" Nikasema, wa baba. "Baba mkono wake unafika wapi?"

Najua kikohozi chako. Najua hatua zako ukivaa buti na ukivaa kandambili. Urefu wa mkono wako sikuujua, na niliona aibu, kama mtu aliyeulizwa jina la ukoo wake akasahau.

"Basi nyoosha wako," akasema. "Mtoto haendi mbali." Nikasimama katikati ya mtaa, mikono mbele kama anayetembea usingizini, akanishikisha wa kwanza uliokuwa karibu. Ulinikaa, Baba. Mwembamba, umerudi nyuma kidogo, viwiko vikapata mahali pao. "Huu umezaliwa nao," akasema. Nikamwambia mimi hata kuendesha ni kwa kubahatisha, namtafutia mtu. Akautundika tena kwenye msumari, akilalamika kwamba vyuma vina macho kuliko wanunuzi. Ndipo tukatafuta mpana, bapa, kama ulivyoagiza.

Nikiwa nimesimama pale nilikumbuka nilivyokuwa nakaa juu ya tangi, katikati ya mikono yako, mfuko wa barua ukiwa mgongoni kwako. Ndipo uliponiita Stempu, kwa sababu nilishabandikwa na sikubanduka. Ulipokata kona mkono mmoja ulinisogelea na mwingine ukaniacha. Nilidhani mimi ndiye ninayeendesha.

Ofisini bado tunachora ile hospitali. Wenzangu wamegawana wodi na vyumba vya upasuaji, mimi nimepewa vishikio: vya ngazi, vya korido, vya chooni. Kutwa nafikiria viganja vya watu ambao sitawaona. Bosi anasema nina umakini. Nadhani anamaanisha nachelewa.

Huyo mbuzi ni wa nani?

Mwanao,
Stempu


Tarehe 22 Machi

Stempu mwanangu,

Marahaba. Usukani umefika, gunia ameliomba jirani. Mbuzi hajulikani mwenyewe, achana naye.

Fundi aliufunga akaupangusa mpaka naona meno yangu. Ni mzuri, hata posta hawakunipa mzuri hivi. Tatizo ni mimi. Nimegundua usukani bapa ni wa kijana. Unaegemea viganja, na viganja vyangu vimeanza kiburi. Nikifika sokoni vimekufa ganzi, namwomba muuza nyanya anitolee hela mfukoni, watu wanadhani tumeoana.

Nitafutie unaopanda, na ncha zake zirudi kwangu, nikae wima kama hakimu. Na usisahau kebo. Usukani ukipanda, kebo za zamani zinakuwa fupi, ukikata kona zinavutika na pikipiki inajiongezea mafuta yenyewe. Kwa hiyo kebo ndefu: ya klachi, ya breki, ya mafuta.

Usije ukaniwazia mabaya. Ni uzee, na uzee hauna dawa ila kuukalia vizuri. Fundi anasema, "Mzee unabadilisha mikono kama shati." Nimemwambia yeye shati habadilishi kabisa.

Baba yako,
Tarishi


Tarehe 6 Aprili

Baba,

Shikamoo.

Umo kwenye basi, pamoja na kebo tatu. Mama wa spea aliuliza, "Baba yako ameota kitambi?" Nikasema amepanda cheo, amekuwa hakimu.

Nina la kukiri: nimekuchora. Kwenye karatasi ya ofisi, ubavuni, umekaa juu ya Mke Mwenza. Nilianza na tairi, tangi, kiti, nikakuweka wewe, nikausogeza usukani juu na nyuma mpaka kiwiko chako kikapinda bila kubeba uzito wa mwili. Huo ndio niliokwenda kuutafuta. Bosi alipita, akatazama, akasema hospitali haihitaji pikipiki. Nikasema najua. Sijaichana. Iko chini ya michoro ya vyoo, na nikichoka naitoa.

Sasa nijibu. Mbona mwandiko wako unapanda mlima? Ulikuwa unaandika kwenye karatasi isiyo na mistari na mtu angeweza kupitishia rula. Na simu inaita vizuri tu, Baba. Inaita mpaka inakata. Hupokei.

Likizo nimenyimwa mpaka michoro ikabidhiwe. Ningekuja kuona unavyokaa.

Stempu


Tarehe 9 Mei

Stempu,

Usukani uko juu. Safi. Nakaa kama hakimu.

Bado kitu kidogo. Mipira ya kushikia ni myembamba. Tafuta minene. Minene sana, kama shingo ya chupa kubwa. Na wenzo wa klachi ulio laini. Huu umekuwa mgumu. Chuma nacho huzeeka.

Mwandiko ni kalamu. Za siku hizi hazina nguvu.

Mke Mwenza nimempumzisha mpaka mipira ije. Natembea. Kutembea ni kuzuri.

Usilete maswali. Leta mipira.

Baba


Tarehe 30 Mei

Kwa Dada Stempu,

Habari za huko. Mimi ni fundi wa baba yako, yule mnayemwita Kesho, nimeshalizoea jina. Mzee amenituma nikuandikie kwamba mipira minene imefika, klachi laini imefika, asante, na kwamba yeye ana shughuli nyingi. Hiyo ndiyo barua aliyonituma, imeishia hapo.

Hii nyingine ni yangu. Nimemwapia mzee kwamba kuna mambo sitakwambia, na mimi nikiapa nimeapa. Kwa hiyo nitasema ya ufundi tu.

Dada, mikono ya mzee imelegea. Ulianza wa kushoto, sasa na wa kulia. Tumeweka mipira minene, tumelainisha klachi, bado haikazi. Asubuhi ina nafuu, ikifika jioni inaanguka kabisa. Mimi nimefika mwisho wa spana zangu. Wewe umesoma, unakaa na waliosoma. Fikiria unipe shauri, na usikawie.

Naona nimesema ya ufundi tu.

Wako,
Fundi


Tarehe 10 Juni

Kaka Fundi,

Salaam, na asante kwa kuniandikia kwa uwazi. Baba angezunguka mbuyu mzima kabla ya kuniambia.

Tatizo nimeliona nikisoma tu. Sukani hizi za kupanda zilitoka kiwanda kingine, na mama wa spea alinidokeza kwamba bomba lake huwa jembamba kidogo kuliko vikamatio vinavyolibana kwenye pikipiki ya Baba. Ndiyo maana hata ukaze vipi, mikono haikazi. Kuanza kwa wa kushoto kunaeleweka: ndiko pikipiki ilikoangukia, kikamatio cha upande huo kitakuwa kilitanuka. Na hilo la asubuhi na jioni ni jua. Chuma kikishinda juani kinatanuka, kikipoa usiku kinashika tena.

Fanya hivi. Kata kipande cha bati la kopo la maziwa, upana sawa na kikamatio. Lizungushe kwenye bomba mara moja tu, mwanya wake uangalie chini. Rudisha vikamatio, kaza nati za mbele na za nyuma kwa zamu, kidogo kidogo, usimalize moja kabla ya nyingine. Kisha mkalishe Baba kitini. Mwambie ashike kwa nguvu zake zote, asukume mbele, avute nyuma. Ikitulia, umemaliza kazi.

Usimwambie nimekasirika kwamba hakuniandikia mwenyewe. Jambo dogo kama hili, tungelimaliza tangu mwezi wa tatu.

Stempu


Tarehe 21 Juni

Dada,

Barua yako nimeianza nimesimama, nimeimaliza nimekaa.

Bati nilikata. Nakwambia ukweli, nilikata kwanza, kwa mazoea ya kuambiwa kata na kukata. Nilikuwa nalipima kwenye bomba ndipo nikaelewa kwamba hukunielewa. Vikamatio havina tatizo, Dada. Usukani umeshika kama kupe. Kosa ni la mdomo wangu uliozoea kuuita mikono. Mzee alinionya tangu mwanzo.

Sikusema mikono ya pikipiki. Nilisema ya mzee.

Kiapo nimekivunja na sasa nitakivunja chote. Vidole havifumbi. Vifungo vya shati anafungwa na jirani. Barua ya mwisho aliiandika ameibana kalamu kwa viganja viwili, mimi nimebana karatasi isimkimbie, na kila mstari alipumzika. Simu anaisikia ikiita. Anaiangalia. Akiona ni wewe anasema, "Huyo ni Stempu," mpaka inanyamaza.

Mbuzi hakuwepo. Mimi nilikuwepo. Alifika kwenye kona akataka kubana klachi, mkono ukakataa, akaenda na nguzo. Nilipomwinua neno la kwanza lilikuwa, "Tumwambie mtoto ni mbuzi."

Hospitali alikwenda mapema, nilimpeleka. Wanasema hali hiyo haitarudi nyuma. Itapanda, iende miguuni, iende kwenye sauti. Aliniapisha nisikwambie mpaka michoro yako ikabidhiwe.

Watu wananiita Kesho na mimi nacheka nao. Hili nimelisogeza kila siku, na hapa sicheki.

Fundi


Tarehe 29 Juni

Baba,

Sikuamkii. Nitakuamkia nikikuona. Leo nimekasirika na sitaki kuificha nyuma ya shikamoo.

Kwenye kabati la ofisi kuna kitabu cha vipimo vya miili ya watu. Ukurasa mmoja una picha ya kiganja kisichoweza kufumba, na kando yake wameandika kishikio chake kiwe kinene kiasi gani. Ukurasa huo naujua kama uso wangu. Nimeuchora kwenye kila korido ya ile hospitali. Wewe ukaniandikia unataka mipira minene kama shingo ya chupa, na mimi nikaenda dukani.

Hukunificha kitu, Baba. Hilo ndilo linaloniua. Usukani bapa, usukani wa juu, ncha zirudi kwangu, mipira minene, klachi laini. Uliniandikia ugonjwa wako wote kwa sentimita, nikakujibu kwa gunia.

Nilimwambia fundi akuzungushie bati la kopo la maziwa. Nilimwambia akukalishe, ushike kwa nguvu zako zote. Nilipoisoma barua yake ofisini nilicheka. Nilicheka kweli, bati, Baba, bati, kisha sikuweza kuacha na haikuwa kicheko tena. Bosi aliniletea maji mwenyewe. Hajawahi kumletea mtu maji.

Ulikuwa unaogopa nini? Kwamba ningekuja? Ningekuja. Kwamba ningekuja nikasimama mlangoni bila la kufanya? Hilo ni kweli, ningesimama. Usiku na mchana sasa nachora kichwani: mlango wa kusukuma kwa bega, bomba la maji la kufungua kwa kiwiko, shati lisilo na vifungo. Nikimaliza kimoja nakumbuka fundi alivyoandika, itapanda. Ninachokichora leo kitakufaa mpaka lini? Ningejua unaposimama ningechora pale. Husimami. Kila nikikufikia umeshapita.

Nimeomba ruhusa. Sikuomba vizuri, nililia kwenye meza ya mtu. Nitapewa ifikapo Agosti, michoro ikishatoka.

Niambie nilete nini. Usiseme nisilete kitu. Nikipanda basi mikono mitupu nitarukwa na akili.

Stempu


Tarehe 14 Julai

Stempu mwanangu,

Anayesema ni mzee, anayeandika ni mimi Fundi, neno kwa neno. Ameniapisha tena, ingawa sijui bado ananiamini kwa lipi.

Marahaba. Hujaamkia, lakini mimi nimeitikia. Hasira zako nazijua, umezirithi kwa mama yako pamoja na masikio.

Daktari alianza kunieleza kwa maneno marefu. Nikamwambia, nieleze kama tarishi. Akafikiri, akasema: kichwa chako kinaandika barua vizuri, anwani sahihi, bahasha imefungwa. Ila kati ya kichwa na mkono hakuna tena wa kuzipeleka. Nikamwambia, basi hii ni fedheha kwa kazi yangu. Akacheka, kisha akageukia dirisha.

Umeuliza niliogopa nini. Niliogopa uache vishikio vya watu wengi uje kushika kimoja. Lakini si hilo tu, na kwa kuwa fundi ananiangalia, niseme kweli. Nilikuwa naona raha. Kila gunia lilipofika, nilipata tena siku za kusema tatizo ni usukani. Nilikaa kwenye ile pikipiki hapo uani, haijawashwa, nikasema, aa, huu uko chini mno, ukiwa juu nitaweza. Nawe ukauleta wa juu. Ulikuwa unanitumia matumaini kwa basi. Sasa unataka kujilaumu kwa lipi?

(Hapa mzee ameomba tupumzike. Sauti yake siku hizi inachoka kabla ya yeye kuchoka. Nimempa maji. Anasema niache kuandika habari za maji.)

Nakuagiza wa mwisho. Rudi kwa yule mama mwenye sauti. Kuna usukani ulioushika wa kwanza, mwembamba, umerudi nyuma kidogo, akautundika tena kwenye msumari. Ulionikalia kichwani tangu Februari ni huo. Ukiwa bado upo, uchukue. Ukiwa umeuzwa, nyoosha mikono pale pale mtaani utafute mwingine. Mimi usinipime.

Uje nao mwenyewe, usiuweke kwenye mizigo. Fundi ataufunga siku utakayofika, na nimemwambia siku hiyo haina kesho. Klachi unaijua, nilikufundisha, ulikuwa unaizima kwa sababu una haraka. Mimi nitakaa nyuma. Mfuko wa barua ninao bado, mkanda wake mrefu, utatuzunguka wawili. Tangu nizaliwe sijapanda pikipiki ya kwangu nikakaa nyuma. Ni aibu kidogo. Lakini asubuhi hii nimenyweshwa chai kwa kijiko, kwa hiyo aibu na mimi tumeshaanza kuzoeana.

Fundi bado anauita mikono. Safari hii nimemwacha.

Baba yako,
Tarishi

(Sahihi ni mwandiko wangu. Alitaka kuweka kidole gumba, nikamsaidia kukibonyeza. Ndiyo hiyo alama hapo pembeni. Fundi.)


Tarehe 23 Agosti

Kaka Fundi,

Nimekuta karakana imefungwa. Jirani yako anasema umefuata matairi na utarudi mchana. Naisukuma karatasi hii chini ya mlango.

Sikukushukuru jana. Nilipomwamkia uliona mwenyewe ilivyomchukua muda kuitikia, nawe ukajifanya unatafuta nati iliyoanguka, na hakuna nati iliyoanguka. Kisha ukampa spana aikaze ya mwisho, ikamponyoka, ukasema, "Mzee, ukinitupia vifaa nitakutoza." Alicheka mpaka akakohoa. Mimi nisingeweza kusema vile. Ningeikimbilia spana.

Leo asubuhi nimemtoa. Jirani alinisaidia kumpandisha. Mkanda tuliuzungusha ukafika tundu la mwisho. Kunishika hawezi, kwa hiyo mikono yake niliitia kwenye mifuko ya koti langu, mmoja huku na mmoja huku, kama barua. Injini ilinizimikia getini, ikanizimikia tena. Akaniambia sikioni, kwa hiyo sauti iliyobaki, "Taratibu, Stempu. Kama unabandua stempu na hutaki ichanike." Nikaachia klachi taratibu. Tukaenda.

Usukani umenikaa. Sikutaka unikae vile.

Kwenye kona ya mashine ya kusaga mikono yake ilitoka mifukoni. Niliiona kwa chini, inaning'inia pande zote mbili, inapigwa na upepo. Nikasimama, nikairudisha. Mbele kidogo ikatoka tena, nikasimama tena. Ilipotoka mara nyingine akasema, "Iache." Nikaiacha. Tulikwenda mpaka sokoni na tukarudi hivyo hivyo, na muuza nyanya alitupungia, nikampungia mimi kwa niaba yetu.

Anataka tutoke tena leo jioni. Ruhusa yangu inakaribia kwisha na sijui nitamwambia nini bosi, wala nitamwambia nini yeye. Nikimwangalia naona anajua, na ananisubiri nitunge mbuzi wangu.

Ukirudi, tafadhali pita uangalie mikono. Inavuta kushoto kidogo, nadhani kuna nati haijakaa sawa. Nasema ya pikipiki. Ile mingine najua huna spana yake.

Stempu